Onyo la kompaila: usilipuuze, wala usilimeze zima zima

Vijana wetu wa Mombasa na Malindi wanaojifunza lugha ya C huniuliza swali moja: "Mbona kompaila yanilaumu kwa neno nisiloliandika?" Kwa asiyeijua, kompaila ni programu inayogeuza maandishi ya mwandishi wa programu yawe amri za kompyuta. Ikishuku jambo, hutoa onyo. Lakini onyo lenyewe wakati mwingine lapotosha, hasa kwenye hesabu za biti.

Biti ni kama swichi: imewaka au imezimwa. Baiti ina swichi nane, nayo hushika nambari 0 hadi 255. Nambari 15 ni swichi nne za kulia zikiwa zimewaka. Alama ~ huzigeuza zote: zilizowaka huzima, zilizozima huwaka. Hapo wengi hutarajia 240.

C haifanyi hivyo. Kwanza huihamisha baiti kwenye chombo kikubwa kiitwacho int, ambacho kwa kompyuta nyingi za leo kina biti 32. Kisha hugeuza zote 32. Jibu huwa -16.

Sasa tazama. Tuseme a na b ni baiti, na a ni 15. Ukiandika b = ~a, kompaila ya GCC iliyowashiwa -Wconversion itakwambia kuwa kutoka int kwenda baiti thamani huenda ikabadilika. Hiyo int hukuiandika popote! Wala hapana hatari: biti za ziada hukatwa, b ikapata 240 uliyoitaka.

Ila ukiandika if (~a == 240), hapo pana shimo. -16 si 240, basi sharti halitimii kamwe. Kama sharti hilo ndilo la kuzima pampu ya maji, tangi litafurika.

GCC ina onyo la kosa hili pia. Balaa ni kwamba maonyo yote mawili huja kwa sauti moja. Kijana akichoshwa na lile lisilo na madhara, huweka -w, yote yakanyamaza, na la kweli likapotea pamoja nalo.

Dawa ni fupi: andika (uint8_t)~a pote pawili. Ukimaanisha baiti, sema baiti. Onyo litaondoka na sharti litatimia.

Rai yangu kwa vijana: msizime onyo kabla hamjajua kompyuta imeishika nambari katika chombo gani.