Chapati za Boga

Kwa kuwa sikukuu ya Krismasi inakaribia, leo hatutaanzia mimbarani. Tutaanzia jikoni, mahali ambapo mahubiri mengi hutolewa pasipo maneno.

Katika nyumba nyingi za Kenya, Krismasi bila chapati bado haijawa Krismasi. Nyama yaweza kuwa kidogo, lakini watoto wakiuona unga wa ngano umewekwa juu ya kabati, hujua ya kwamba siku imewadia. Hata hivyo, chapati si chakula cha mababu zetu. Ilitoka Bara Hindi, ikaletwa na wafanya biashara wa pwani, na baadaye na mafundi na vibarua wa reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Kwa hiyo desturi hii tunayoilinda sana, nayo ilikuwa mgeni aliyekaribishwa.

Nyumbani kwetu tunaishi na mama yetu mzee, ambaye watoto humwita Nyanya. Meno yake yamekwisha. Kila Krismasi tulimwona akichovya chapati katika mchuzi mpaka ilainike, na wengine wamekwisha kula na kuondoka mezani. Mara nyingine aliiweka kando akasema, "Nimeshiba, wanangu." Nasi tulimwamini, kwa kuwa kuamini kulikuwa rahisi.

Binti yetu wa miaka kumi hakuamini. Mkesha wa Krismasi iliyopita alichukua boga lililokwisha kuchemshwa, akaliponda, akalitia katika unga wa kesho, huku akicheka. Unga wote ukawa wa manjano! Tulimkemea vikali. Wageni wangesema nini wakiletewa chapati za namna hiyo katika nyumba ya mchungaji? Lakini maduka yalikuwa yamefungwa, na unga mwingine hatukuwa nao.

Mlio na kalamu, andikeni, maana tangu siku ile tumejifunza kuzitengeneza vizuri. Chukua nusu kilo ya boga lililoiva, ambalo wengine huliita malenge. Limenye, ulichemshe kwa maji kidogo, ulichuje, kisha uliponde mpaka lisiwe na mabonge. Litie likiwa vuguvugu katika kilo moja ya unga wa ngano, pamoja na kijiko kidogo cha chumvi na vijiko viwili vikubwa vya mafuta. Usiharakishe kuongeza maji, kwa sababu sehemu kubwa ya boga ni maji. Ongeza kidogo kidogo, ukande kwa dakika kumi, kisha uufunike unga utulie kwa nusu saa. Baada ya hapo fanya kama siku zote: sukuma, paka mafuta, kunja, sukuma tena, kisha kaanga kwa moto wa kadiri.

Tusidanganyane: boga halizidishi unga kwa wingi. Faida yake ni nyingine. Boga hushika maji ndani ya chapati, na kwa hiyo chapati hubaki laini hata ikipoa. Tena kile kilichomo katika boga na kulipa rangi ya manjano, mwili hukigeuza kuwa vitamini A, ambayo husaidia macho.

Basi siku ile Nyanya alikata kipande kwa vidole, akatafuna kwa ufizi, akanyamaza. Sote tulikuwa tukimtazama. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, kuna nyingine?" Alikula mbili, akamaliza pamoja nasi. Na wale wageni tuliowaogopa waliuliza tu jinsi zilivyopikwa.

Wapendwa, Mtume Paulo aliwakemea Wakorintho kwa sababu walipokutanika kula, wengine walitangulia kushiba na wengine wakabaki na njaa. Sisi tuliusoma ujumbe huo miaka mingi, hata tukaufundisha, wala hatukuona ya kuwa Korintho ilikuwa katika meza yetu wenyewe. Chakula kilikuwepo na kiti kilikuwepo, lakini mmoja wetu hakuweza kula. Tulijali rangi ya chapati mbele ya wageni kuliko njaa ya mama yetu, na mtoto akatuonyesha kwa mchezo wake.

Krismasi hii, kabla ya kusukuma chapati ya kwanza, tujiulize: ni nani katika nyumba hii husema ameshiba upesi mno? Labda ni mzee, labda ni mgonjwa, labda ni msichana wa kazi anayekula mwisho. Tumpikie huyo kwanza.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyezaliwa mahali pasipokuwa na nafasi, utufundishe kumpa nafasi kila mtu aliye mezani petu. Amina.