Msumeno wa ukanda ndani ya lupango: motere inapiga kelele, kazi ni ya ukanda

Mtu akitoka na gramu zake Salamabila ama Namoya, njia za kuzimaliza ni nyingi, sote tunazijua. Wachache wanasema: shimo siku moja litaisha, tununue mashine, watoto wafanye kazi ya mbao hapa nyumbani. Ni wazo zuri. Kasongo na Kabambare mbao nyingi bado zinapasuliwa na watu wawili, mmoja juu ya gogo na mwengine chini, ama kwa tronçonneuse, ambayo inageuza sehemu kubwa ya mti kuwa unga. Msumeno wa ukanda, ule mafundi wanaita scie à ruban, unakata njia nyembamba na mbao haipotei sana. Unafanya milango, vitanda, viti, na miti ya boisage ya mashimo.

Sisi pia tuliweka moja ndani ya lupango. Siku ya kwanza, ukanda ulikatika kabla mlango wa kwanza kuisha. Tulilaumu motere, tukalaumu grupu, tukalaumu mbao. Kosa lilikuwa letu: tuliukaza kwa nguvu bila kuangalia unatembea wapi juu ya magurudumu. Ukanda mwengine ulitoka Bukavu, na kila mtu anajua barabara wakati wa mvua. Tukakaa na mashine nzima ambayo haiwezi kukata hata kuni.

Mbele ya kuwasha

Mashine isimame juu ya simenti iliyo sawa, ifungwe na bulo, isitetemeke. Acha nafasi mbele na nyuma, urefu wa ubao mzima kila upande. Na juu ya grupu, usinunue ndogo: motere ikianza inavuta moto mara tano ama zaidi kuliko ikiwa inazunguka. Kwa motere ya kilowati 1,5 tunashauri grupu ya KVA 5.

Kisha chomoa waya. Hapana kugusa ukanda na waya ukiwa ndani, hata kama motere imezimwa.

Ukanda unazunguka juu ya magurudumu mawili, moja juu na moja chini. Meno yaangalie mbele, na ncha zake ziangalie chini, kwenye meza. Ukiona zinaangalia juu, umeuvaa kinyume. Ukaze kidogo, zungusha gurudumu la juu kwa mkono, angalia. Ukanda ukikimbilia mbele ama nyuma, kuna vis inayoinamisha gurudumu la juu: igeuze pole pole mpaka ukanda utembee katikati ya mpira. Hapo sasa ndio unakaza vizuri, kisha unazungusha tena kwa mkono.

Vishikio vya pembeni vinakuja mwisho. Kati ya kishikio na ukanda iingie karatasi moja tu, na visiguse meno. Ile rulima ya nyuma isiguse ukanda ukizunguka bure. Ianze kuzunguka pale mbao inasukuma.

Meno mangapi? Ndani ya unene wa mbao yawe matatu ama zaidi kila wakati. Mbao nyembamba inataka meno madogo. Gogo nene linataka meno makubwa, machache, na ukanda mpana. Kwa kukata mviringo, chukua ukanda mwembamba.

Vidole na miti ya mviringo

Mchimbaji anajua boisage: mti mbaya ukivunjika, watu wanabaki chini. Kwa hiyo PDG wa shimo ataleta miti yake kwako. Hapa kuna hatari ambayo wengi hawaioni. Mti wa mviringo ukisukumwa mbele ya ukanda, meno yanaushika na kuuzungusha, na mkono unafuata. Tengeneza kitanda cha mbao chenye umbo la V, ufunge mti ndani, ndio usukume.

Kifuniko cha ukanda kishuke mpaka kibaki kidole kimoja tu juu ya mbao. Kipande cha mwisho sukuma na kijiti, si na kidole gumba. Glavu hapana: meno yakishika kitambaa yanavuta mkono wote. Ukizima, magurudumu bado yanazunguka, ngoja yasimame. Kutoka vijiji vingi vya Kabambare, kidole kilichokatika kinasafiri na moto mpaka hospitali, na muda hauko upande wake.

Mawe ndani ya mti

Kambala ni mti wetu mzuri, lakini mara ingine unaficha jiwe ndani, jeupe, gumu, ambalo mti wenyewe umelitengeneza. Ukanda ukilipata, meno yanakufa mara moja. Ukisikia sauti imebadilika, simama. Vumbi la kambala linawasha ngozi na kifua. Na tangu 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa linahesabu vumbi la mbao kati ya vitu vinavyoleta kansa. Mtu aliyekula vumbi la mwamba miaka kumi hana mapafu ya kuchezea: funga pua, fungua pande mbili za hangari, nyunyiza maji mbele ya kufagia.

Ukikatika tena

Mwingereza William Newberry aliandikisha mashine ya namna hii mwanzoni mwa karne ya 19, lakini haikufanya kazi vizuri, juu ya kiungo: ukanda ulikuwa unakatika pale ncha mbili zinakutana. Mwaka 1846 mwanamke Mfaransa, Anne Paulin Crepin, alipata njia ya kuunga ncha hizo, na kampuni ya Perin ya Paris ikanunua haki yake.

Njia ya kuunga iko karibu na sisi. Ncha mbili zinasuguliwa zikuwe nyembamba, zinalaliana, zinaungwa na soda ya fedha na borax, unga uleule ambao wanunuzi wa dhahabu wanautumia wakiyeyusha. Kiungo kikipoa, kipashe moto kidogo tena kisikuwe kigumu kama kioo, kisha ukisugue kiwe sawa na ukanda. Kijana anayejua kazi hiyo Salamabila ama Kasongo hatakosa mteja.

Jioni legeza ukanda, upumzike na mipira ya magurudumu isibonyee. Chomoa waya. Sisi kwetu ule waya analala nao mama chumbani, juu ya watoto, na juu ya baba pia akirudi amekunywa.