George Foreman: alianguka Kinshasa, akainuka akiwa mchungaji

Kosa la kwanza la George Foreman huko Kinshasa, mwaka 1974, halikutokea ulingoni. Bingwa huyo wa dunia alifika na mbwa wake mkubwa wa Kijerumani, aina ile ile iliyotumiwa na polisi wa Wabelgiji wakati wa ukoloni. Labda hakuna aliyemwonya. Lakini kwa wakaaji wa mji ilitosha: Mmarekani mweusi akaonekana kama mkoloni, na kila mahali sauti ikawa moja, «Ali, boma ye!»

Kosa la pili lilikuwa kiburi. Foreman, mwenye miaka 25, alikuwa amepigana mara 40 bila kushindwa. Muhammad Ali alikuwa na miaka 32, na wengi waliogopa kwamba angeumizwa vibaya. Alfajiri ya tarehe 30 mwezi wa kumi, katika uwanja wa 20 Mai, ambao leo unaitwa Tata Raphaël, Foreman alirusha ngumi bila kupima nguvu zake, huku Ali akiegemea kamba na kuzipokea kwa mikono. Katika raundi ya nane bingwa akaanguka.

Kilichofuata ndicho kilimharibu zaidi. Alitafuta wa kulaumu: kamba zililegezwa, maji yalitiwa dawa. Aliishi hivyo kwa miaka, akiwa na pesa nyingi na hasira nyingi zaidi.

Tarehe 17 mwezi wa tatu 1977, huko Puerto Rico, alishindwa na Jimmy Young. Katika chumba cha kubadilishia nguo, mwili ukiwaka moto, alihisi anakufa. Mwenyewe alisimulia mara nyingi kwamba alijiona ametupwa gizani, mahali pasipo na kitu, na hapo akamlilia Mungu. Wengine wanaweza kusema ulikuwa uchovu na joto. Yeye alisema amekutana na Yesu, na akaacha ngumi akiwa na miaka 28 tu.

Kwa miaka 10 hakupigana. Alihubiri barabarani, kisha katika kanisa dogo alilolianzisha Houston, jimbo la Texas. Mwaka 1984 alifungua kituo cha vijana mjini humo, ambako yeye mwenyewe, akiwa kijana, aliwanyang'anya watu mali njiani. Alijua vijana hao wanaelekea wapi. Lakini kituo kinakula pesa, na zilipokaribia kuisha, mchungaji huyo, mnene na kichwa kimenyolewa, akarudi ulingoni mwaka 1987. Watu wakacheka.

Tarehe 5 mwezi wa kumi na moja 1994, Las Vegas, alikutana na bingwa Michael Moorer, mwenye miaka 26. Foreman alivaa kaptula nyekundu ile ile ya Kinshasa. Katika pembe yake alisimama Angelo Dundee, kocha aliyekuwa upande wa Ali usiku ule. Kwa raundi tisa mzee alipigwa. Katika raundi ya 10, ngumi fupi ya mkono wa kuume, Moorer chini. Foreman, bingwa tena akiwa na miaka 45, alipiga magoti na kuomba.

Foreman alifariki tarehe 21 mwezi wa tatu 2025, akiwa na miaka 76. Na Ali, je? Walikuwa wamekuwa marafiki zamani. Mwaka 1997, filamu kuhusu pambano la Kinshasa ilipopewa tuzo ya Oscar, Ali alikuwa akitetemeka kwa ugonjwa wa Parkinson. Aliyemshika mkono ili apande ngazi za jukwaa alikuwa Foreman.