SIMU YAKE ILINIAMBIA ANAOA!

Mpenzi msomaji, mwezi huu sikuletei kisa cha shoga yangu wala cha jirani. Nakuletea changu mwenyewe, na naomba usinicheke.

Mume wangu anasoma shahada ya uzamili ya kompyuta kule Arusha. Mimi nimebaki hapa Babati na mtoto, kazi ya uhariri naifanyia mezani kwangu, Mlima Kwaraa ukinitazama dirishani. Ijumaa jioni anapanda basi, kilomita kama 170 hivi, Jumapili anarudi chuoni. Ada tulilipa kwa akiba ya kumalizia nyumba. Unaelewa basi, kila shilingi na kila wikiendi vina uzito wake.

Jumamosi moja nikachukua simu yake nitafute namna ya kupika kambale wa nazi. Kufungua programu ya video, loh! Magauni ya harusi. Kumbi za harusi. Jinsi ya kumvisha mchumba pete. Juu mpaka chini! Sisi tumefunga ndoa miaka 6 iliyopita. Sasa nani anaoa humu ndani?

Sikuuliza. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu. Nilimfunga mtoto mgongoni, nikapanda gari la Dareda kwa mama, na simu nikazima. Mama alimwambia aniache kwanza nipoe. Akabaki Babati akisubiri, na jaribio lake la Jumatatu likampita. Jumatano akaja Dareda. Hakuja na mshenga wala wazee. Alikuja na daftari.

KUMBE NI WIFI!

"Mke wangu, kaa hapa nikuonyeshe ninachosoma," alisema, akachora jedwali. Majina ya watu pembeni, vyakula juu, alama kuanzia 1 mpaka 5.

Mimi: perege 5, makande 1, pilau 4. Chipsi sijasema lolote. Wifi yangu: perege 5, makande 2, pilau 4, chipsi 2. Jirani yetu: perege 1, makande 5, pilau 2, chipsi 5. Swali: mimi nitapenda chipsi?

Chukua tofauti ya alama zetu kwenye kila chakula, izidishe kwa yenyewe, kisha jumlisha. Mimi na wifi tunapata 1. Mimi na jirani tunapata 36. Kwa hesabu hiyo wifi ndiye mwenzangu, hivyo mashine inakisia kuwa chipsi hazitanikosha. Basi! Huo ndio msingi wa mifumo ya mapendekezo, na njia hii wataalamu huiita uchujaji shirikishi.

"Haya, na magauni?" nikauliza, bado nimenuna.

Dada yake kachumbiwa. Aliishiwa bando, akaazima simu ya kaka yake kutazama magauni, na alitaka kuniambia habari hiyo mwenyewe. Pete na kumbi hakuzitafuta kabisa. Mashine iliona simu inayotazama magauni, ikatafuta simu nyingine zenye tabia hiyo, ikaleta walichotazama wenzao. Haikujua nani kaishika. Haikujua kwa nini. Nami nilihukumu kwa ushahidi huohuo!

SI UCHAWI, NI HESABU

Baada ya hapo nikawa mwanafunzi wa mwanafunzi. Nikajua kwamba jina la uchujaji shirikishi lilitokana na Tapestry, mfumo wa kuchuja barua pepe uliotengenezwa Xerox PARC, Marekani, na kuelezwa mwaka 1992. Mwaka 1994 wakaja GroupLens, waliokisia habari ambazo msomaji angezipenda kwenye intaneti. Amazon nao mwaka 2003 walieleza njia yao: badala ya kulinganisha watu, wanalinganisha bidhaa zinazonunuliwa na watu walewale.

Wanafunzi wengi huanzia kwenye data za MovieLens: watu 943, filamu 1,682 na alama 100,000. Nyingi, eh? Jedwali zima lina nafasi zaidi ya milioni 1.5, kwa hiyo zilizojazwa ni kama 6 tu katika kila 100. Kazi ya mwanafunzi ni kukisia zilizo wazi. Anaficha baadhi ya alama, anaiacha programu ikisie, kisha anapima imekosea kiasi gani.

Mwaka 2006 Netflix walitangaza dola milioni 1 kwa atakayepunguza makosa ya mfumo wao kwa asilimia 10. Mwaka 2009 timu mbili zilifungana kwa alama, na iliyoshinda ilikuwa imewahi kuwasilisha kwa dakika 20 tu! Kichekesho ni kwamba Netflix hawakuutumia mfumo ule wote, kwani faida iliyoongezeka haikulingana na kazi ya kuuweka.

Na kuna upande wa kutisha. Data za shindano zilitolewa bila majina, lakini mwaka 2008 watafiti Narayanan na Shmatikov walionyesha kuwa baadhi ya watu wangeweza kutambuliwa kwa kulinganisha alama zao na zile walizotoa hadharani kwingine. Hapa kwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Ijue.

KAMA MWENZIO ANATAKA KUSOMA

Si lazima kuvuka bahari. Nelson Mandela kule Tengeru, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma wana shahada za uzamili upande wa kompyuta na teknolojia ya habari. Uliza kwanza kama somo hili lipo ndani ya kozi. Atahitaji takwimu, uwezekano, hesabu za matrisi na lugha ya Python. Nanyi wawili mtahitaji haya:

1. Pangeni ada na nauli pamoja kabla ya fomu kujazwa.

2. Andikeni tarehe za majaribio ukutani. Ugomvi wa wiki ya mtihani usubiri.

3. Mwambie akufundishe anachosoma. Asiyeweza kukueleza wewe, bado hajakielewa.

4. Ukiona kitu kwenye simu, uliza. Uliza kabla ya kufungasha.

Mashine humpa mtu kinachofanana na cha jana. Mgeni ikimkuta hana historia, inababaika. Tatizo hilo huitwa kuanza baridi. Tukaona na sisi tuko hivyohivyo. Yeye kila akitoka Arusha ananiletea mikate ileile niliyoisifia mwaka wa kwanza wa ndoa, na mimi miaka yote 6 sijawahi kumwambia nimeichoka!

Jaribio lile hakulirudia. Alipewa sifuri, na muhula ule alifaulu kwa kusukumasukuma. Hajawahi kunisimanga, ila nikiliona lile daftari roho huniuma.

Wifi yangu kaolewa, na gauni tulilichagua pamoja. Kwenye simu yangu mwenyewe.

Tuonane mwezi ujao, wapenzi.