Sehemu ya Tatu: Utata wa Kuzitaja Sehemu za Kitu Kizima katika Shule za Minembwe

Mwalimu wa darasa la chini huko Minembwe, katika nyanda za juu za Fizi, Kivu ya Kusini, akisema "chukueni sehemu ya tatu ya shamba", amesema mambo mawili kwa pamoja. Mwanafunzi aweza kuelewa kwamba shamba limegawanywa sawasawa mara tatu, naye achukue kipande kimoja. Aweza pia kuelewa kwamba vipande vimepangwa kwa mfuatano, naye achukue kile kinachofuata cha pili, hata kama vyote ni saba. Utata huu haumo katika hesabu. Umo katika -a unganifu, ambayo hutaja nafasi katika mfuatano na hutaja pia mgawanyo.

Kiswahili cha pwani kiliuepuka kwa kukopa. Nusu, theluthi, robo, sudusi na thumuni zimetoka katika Kiarabu, wala si ajabu kwamba ndizo zilizokita mizizi: ndizo sehemu zinazotajwa katika aya za mirathi za sura ya nne ya Kurani. Mjane ambaye marehemu mumewe ameacha watoto hupata thumuni. Kulikosea jina la sehemu hapo ni kumdhulumu mtu haki yake. Fedha nazo zilichangia, kwani thumuni ya riale iliendelea kuwa jina la senti hamsini hata baada ya riale kuachwa.

Minembwe ina historia nyingine. Mtoto huja shuleni na Kinyamulenge, Kibembe au Kifuliiru. Kiswahili ni lugha ya kukutania, na Kifaransa ni lugha ya vitabu. Nusu haimpi taabu, lakini sudusi ni neno la kamusini. Kifaransa nacho hakimwokoi mwalimu: "tiers" ni tofauti na "troisième", lakini "cinquième" ni wa tano na ni moja ya tano vilevile.

Hata hivyo, kuna usemi mmoja ambao kila aendaye kanisani anaujua, nao ni fungu la kumi. Katika Mambo ya Walawi 27:32 mifugo hupita chini ya fimbo, na kila mnyama wa kumi hutengwa. Hapa tunaona jinsi nafasi inavyozaa sehemu: ukihesabu hadi kumi, ukamtoa wa kumi, kisha ukaanza upya, umetoa moja ya kumi ya kundi. (Neno ushuru, tunalolitumia kwa kodi, nalo lina asili katika kumi ya Kiarabu.) Kwa wafugaji mfano huu ni hazina. Ng'ombe 40 hutoa 4. Ng'ombe 43 hutoa 4 pia, na watatu hubaki, kwa kuwa hakuna atakayemkata ng'ombe aliye hai. Lakini lita 43 za maziwa hutoa lita 4 na sehemu tatu za kumi za lita. Tofauti ya kundi na kitu kinachogawanyika, ambayo vitabu vingi huipita haraka, yaonekana hapo waziwazi.

Tazama pia kwamba utata hupungua sana idadi ya sehemu ikizidi moja. "Sehemu mbili za tatu" haielekei kuwa nafasi katika mfuatano. Tatizo basi liko penye moja, yaani pale pale watoto wanapoanzia. Kwa maoni yetu, mwalimu aanze na usemi mrefu: sehemu moja kati ya tatu zilizo sawa. "Kati ya" huondoa fikra ya mfuatano, na "zilizo sawa" si pambo, kwa maana mtoto akikata muhogo vipande vitatu visivyolingana hajapata theluthi yoyote. Usemi ukizoeleka ufupishwe kuwa "moja ya tatu", na mwishowe uandikwe 1/3, ambapo 1 ni kiasi, 3 ni asili, na mstari umeshika mahali pa "kati ya".