Kazi ya mikono ya mtoto wako ni ya nani?

Kama una mtoto katika shule ya watoto wenye ulemavu, au umewahi kualikwa huko siku ya wazazi, basi meza ile unaijua. Imefunikwa kitambaa cheupe, na juu yake zimepangwa kazi za watoto: vikapu vya mkonge, vitambaa vya kufuma, mikufu ya shanga, kadi zilizochorwa maua. Mgeni wa heshima hupitishwa hapo kabla ya hotuba. Hutoa noti ya elfu moja, akachukua kikapu cha shilingi mia mbili na kusema chenji ibaki. Watu hupiga makofi. Mimi pia nimepiga.

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua kikapu kwenye meza kama hiyo, katika shule ambayo sitaitaja. Kilikuwa kikapu kizuri ajabu. Nikamtafuta mvulana ambaye jina lake lilikuwa kwenye kikaratasi, mtoto asiyeona wa darasa la sita hivi, nikampa pongezi. Alikipokea, akakizungusha, akakipapasa kitako kwa vidole, kisha akaniambia bila kinyongo chochote, "Hapa chini ndipo niliposuka mimi. Huko juu ni kazi ya mwalimu."

Sikumlaumu mwalimu, na wewe usimlaumu. Ana darasa zima la kuangalia, siku zimebaki mbili, na mgeni yu njiani. Ataacha vikapu nusu nusu mezani? Hata hivyo maneno ya yule mtoto yalinikaa moyoni. Tulikuwa tumemsifu kwa kazi ambayo si yake, na ile iliyokuwa yake, yale mazunguko machache ya kitakoni, hakuna aliyeiangalia.

Ndiyo maana leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wazazi wengi hawajalisikia, nalo ni kumweka msanii ndani ya shule hizi. Kwa Kiswahili chepesi tungemwita msanii mkazi. Ni mchongaji, mfinyanzi, mchoraji au mpiga ngoma ambaye anahamia shuleni na vyombo vyake kwa muhula mzima, pengine mwaka, akafanya kazi yake pale pale, na watoto wakafanya yao kando yake. Hakuja kugawa unga na sabuni. Hakuja kuchukua nafasi ya mwalimu. Amekuja kufanya kazi.

Huko Marekani mpango wa serikali wa kuwapeleka wasanii mashuleni ulianza 1969. Mnamo 1974 Jean Kennedy Smith, dadake Rais John Kennedy, alianzisha shirika la kuwafikishia sanaa watu wenye ulemavu, ambalo baadaye lilijulikana kama VSA, na kuwaweka wasanii katika madarasa ya watoto hao ikawa mojawapo ya kazi zake. Kwetu Kenya, kumpa msanii mahali pa kukaa na kufanya kazi si jambo geni. Kuona Trust ilianza 1995 katika uwanja wa Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi, na kituo cha GoDown kikafuata 2003. Lakini huko msanii alikuwa na wasanii wenzake. Hapa nasema msanii akae na watoto wa bweni.

Pengine utauliza, mtoto asiyeona atachonga nini?

Swali hilo aliliuliza kijana mmoja wa Austria karibu miaka mia moja iliyopita, ila yeye hakusubiri kujibiwa. Viktor Lowenfeld alizaliwa 1903, akasomea sanaa, na katika miaka ya 1920 na 1930 alifundisha katika shule ya vipofu mjini Vienna. Alileta udongo wa mfinyanzi, akawapa watoto, akatazama. Wapo waliodhani kwamba asiyeona hawezi kuumba umbo la mtu. Watoto wale waliliumba. Tena waliliumba kwa njia yao. Mtoto aliyezaliwa kipofu, akitengeneza uso, aliweza kuanza kwa kuchimba tundu la jicho, kisha akatia mboni, kisha akafunika kope juu yake, kama uso unavyoshikika kwa vidole. Na akimfinyanga mtu anayeomba au anayebeba mzigo, mikono ilitoka mikubwa kupita mwili, kwa sababu mikononi ndimo mtoto alimohisi uzito.

Mwalimu mwenye haraka angeipunguza ile mikono. Angesema, mbona mkono umeshinda kichwa? Lowenfeld hakuipunguza. Aliiacha ilivyo, akaichunguza, na mwaka 1934 yeye na mwenzake Ludwig Münz wakatoa kitabu kizima juu ya kazi za udongo za vipofu. Mwaka 1938 Wanazi walipoiteka Austria, Lowenfeld, aliyekuwa Myahudi, alilazimika kukimbia na akaishia Marekani, ambako kitabu chake cha 1947 juu ya sanaa ya watoto kilisomwa na walimu wengi. Naam, sehemu kubwa ya yale ambayo walimu wa sanaa walijifunza juu ya watoto wote ilianzia kwa watoto wa shule ya vipofu.

Kisa cha pili ni cha mwanamke, na ukikisoma usikisome haraka.

Judith Scott na pacha wake Joyce walizaliwa 1943 katika jimbo la Ohio, Marekani. Judith alizaliwa na hali ya Down, ile inayofanya akili ya mtoto ikue polepole. Tena alikuwa kiziwi, lakini hakuna aliyejua. Alipopimwa kama anafaa kusoma, alipimwa kwa maswali ya mdomo. Asiyesikia atajibu nini? Ikaandikwa kwamba hafundishiki. Akiwa na miaka saba alipelekwa katika taasisi ya serikali, na huko akakaa miaka 35 hivi. Joyce alipokuwa mtu mzima alipigania haki ya kumlea pacha wake, akamtoa, akaenda kuishi naye California.

Mwaka 1987 Joyce alimpeleka Judith katika kituo cha Creative Growth mjini Oakland. Si shule ya watoto. Ni karakana ya sanaa ya watu wazima wenye ulemavu, iliyoanzishwa 1974. Alipewa rangi na karatasi. Hakuvutiwa. Siku zikapita, miezi ikapita, na bado alichora mistari mistari tu bila hamu. Yafaa ikumbukwe kwamba hakuna aliyemfukuza wala kumshika mkono achore nyumba na jua. Kisha akaja msanii mgeni, Sylvia Seventy, kufundisha kazi ya nyuzi. Judith hakufuata somo. Aliokota vijiti, akaanza kuvifunga kwa nyuzi, akazungusha, akafunga, akazungusha. Waliokuwa pale walitambua kwamba kitu kimeanza, wakamwacha.

Aliendelea hivyo kwa takriban miaka 18. Alichukua chochote alichokiona, akakifunika kwa nyuzi za rangi hadi kisijulikane ni nini, na kila kimoja kilikuwa na umbo lake. Alitengeneza zaidi ya mia mbili. Alifariki 2005, na mwaka 2014 Makavazi ya Brooklyn, mjini New York, yalifanya maonyesho makubwa ya kazi zake peke yake. Hakuna anayezinunua kwa huruma.

Nimekieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu ya ile miezi mingi ya mistari isiyo na hamu. Mgeni wa siku moja angeondoka akisema, huyu sanaa hajaliwa. Hata mradi wa wiki mbili ungeisha kabla ya chochote kuonekana. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea, na mashirika yetu nayo, maana hupenda warsha za siku tatu zenye fulana, picha za pamoja na chakula cha mchana.

Sasa turudi kwetu. Msanii akifika shuleni lazima yeye ndiye aanze kujifunza. Akienda shule ya viziwi, ajue kwamba mtoto husikiliza kwa macho. Hawezi kutazama mikono ya mchongaji na mikono ya mkalimani kwa wakati mmoja. Kwa hiyo msanii huonyesha kwanza, akasimamisha patasi, ndipo ishara zikafuata. Anayechonga huku akieleza, kama tulivyozoea, humwacha mtoto na nusu ya somo. Na heri zaidi akijifunza ishara mwenyewe, hata kama ni zile za "tena", "polepole", "nzuri" na "hapana".

Kwa wasioona, jambo la kwanza ni kutomkamata mtoto mikono. Wengi hufanya hivyo kwa nia njema: humshika vidole na kuvisukuma penye udongo. Mfinyanzi anayeijua kazi hii hufanya kinyume. Huweka mikono yake chini, na mtoto akaweka yake juu, akafuata mwendo wa kidole kinavyokonda ukingo wa chungu, na akitaka kuondoa mkono aondoe. Meza nayo isipangwe upya kila asubuhi. Maji yakiwa kulia leo, kesho yawe kulia.

Mtoto ambaye vidole vyake havifungiki vizuri hahitaji mashine ya kutoka ng'ambo. Mpini wa brashi ukizungushiwa kipande cha tyubu ya baiskeli huwa mnene na haumtoki. Karatasi hubandikwa mezani kwa utepe isiteleze. Meza huinuliwa kwa matofali hadi kiti cha magurudumu kiingie chini yake. Na kwa mtoto ambaye akili yake huenda polepole, dawa ni kurudia: saa ile ile, mahali pale pale, kazi moja kabla ya nyingine.

Lakini msomaji, lililo gumu kuliko yote hayo ni ulimi. Chungu kilichofinyangwa vibaya, au kikichomwa kabla ya kukauka, hupasuka motoni. Hakijali kimefinyangwa na nani. Sisi watu wazima hukimbilia kumwambia mtoto mlemavu kwamba kila akifanyacho ni kizuri, na mtoto anajua kwamba tunamdanganya. Fundi hasemi hivyo. Fundi atamwekea vigae mbele, amwambie, "Ukuta wako ulikuwa mnene hapa, ndiyo maana. Anza upya." Kisha hatamfinyangia. Atamwacha aanze upya. Mtoto anayeambiwa maneno hayo amechukuliwa kuwa mwanagenzi, na mwanagenzi siku moja huwa fundi.

Mafundi tunao. Wamo Wamunyu, Ukambani, wanaochonga mti tangu ujana wao, na Tabaka kule Kisii wanaochonga mawe ya sabuni. Wamo akina mama wanaofinyanga vyungu na kusuka vyondo vijijini, ambao hawajawahi kuitwa wasanii na mtu yeyote. Shule pia zipo. Jeshi la Wokovu lilianza kuwahudumia vipofu Thika tangu 1946, na Taasisi ya Elimu Maalumu kule Kasarani, maarufu kama KISE, imekuwa ikiwafunza walimu tangu 1986. Katika tamasha za muziki na maigizo shule za wenye ulemavu hushindana na huwatoa watu machozi, ingawa ningependa siku moja majaji wawakosoe kama wanavyowakosoa wengine.

Fedha je? Fundi anayekaa shuleni muhula mzima haingizi kitu sokoni, na nyumbani kwake wanataka kula. Akiambiwa ajitolee, atajitolea mwezi mmoja, kisha ataaga. Hana budi kulipwa, na malipo hayo yasitoke kwa mzazi ambaye tayari anahangaika na karo ya bweni. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuidhinisha 2008, unataka wapewe nafasi ya kukuza vipaji vyao vya sanaa kwa faida yao wenyewe na ya jamii nzima pia. Serikali iliyotia sahihi inaweza kuulizwa pesa hizo ziko wapi. Kaunti nazo, ambazo utamaduni umo katika majukumu yake, zinaweza kuulizwa vivyo hivyo. Wakati huo ukisubiriwa, chama cha wazazi kinaweza kuanza kwa kidogo: fundi mmoja wa karibu, chumba kimoja cha kulala, chakula cha shule, na malipo ya siku mbili kwa wiki.

Mkuu wa shule akikubali, muombe jambo moja zaidi: siku ya wazazi, kazi isiyokwisha iwekwe mezani jinsi ilivyo. Kikapu nusu kiwe nusu.

Na ukifika kwenye meza ile, usianze na bei. Mtafute mwenye kikapu. Muulize ni wapi alipofanya yeye, ilimchukua siku ngapi, na ni wapi palipomshinda. Kama ni kiziwi na wewe hujui ishara, mnyoshee kidole tu. Atakuonyesha.