Je, Wajua? Damu Haisahau Sukari

Mgonjwa wa kisukari wa Hasamba, pale Vwawa, anaweza kuacha chai ya sukari siku chache kabla ya kliniki, akatobolewa kidole, mashine ikasoma vizuri, na bado damu ikamsema. Sukari hunasa kwenye himoglobini ya chembe nyekundu, na chembe hizo huishi siku 120 hivi. Kipimo cha HbA1c husoma sukari hiyo iliyonasa, hivyo huonyesha mwenendo wa miezi miwili hadi mitatu, na majibu ya asilimia 6.5 na kuendelea huashiria kisukari. Samuel Rahbar wa Iran ndiye aliyeigundua himoglobini hiyo yenye sukari kwa wagonjwa wa kisukari mwishoni mwa miaka ya 1960.

Kwetu kuna mtego. Selimundu, na hata malaria, huua chembe nyekundu mapema, majibu yakatoka ya chini kuliko ukweli. Upungufu wa madini ya chuma huyapandisha. Uliongezewa damu karibuni? Mwambie daktari kabla hajasoma karatasi.

Kisukari huumiza figo pia, kwa hiyo omba na kipimo cha mkojo. Figo huanza kuvujisha protini ya albumini wakati kreatinini ya damu, kipimo cha kawaida cha figo, bado iko sawa na mwenyewe hajisikii chochote.